Fainali ya Viboko wa Morogoro

Leo nimekwisha, wanangu wa Kihonda. Na acha nianze na upumbavu wenyewe, msije mkausikia kwa mtu mwingine: nilimdanganya kocha wa Kibelgiji kwamba nilikuwa nacheza mpira wa Kimarekani Morogoro.

Ndiyo, Morogoro. Ule mpira wa helmeti na mabega ya plastiki, wa kugongana kama kondoo dume. Mnanijua. Mnajua nilichokuwa nacheza huko: kipa wa akiba, tena wa chandimu ya mtaani, tena kwa sababu mpira ulikuwa wa kwangu.

Kabla hamjaanza kunitumia vikatuni vya kucheka, nisikilizeni kwanza. Uongo huu haukuzaliwa hivihivi. Ulizaliwa na Jumapili.

Jumapili za Brussels hamzijui. Nilipopanda ndege nilidhani nakuja kukutana na wale watoto wa kwenye vitabu vya shule, "Habari, mimi naitwa Paul, twende tukacheze." Hakuna Paul. Huku kumtembelea mtu nyumbani kwake mnapanga wiki mbili kabla, kama miadi ya daktari wa meno. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na zamu zake nyingi zinaangukia wikiendi. Tupo wawili tu, ghorofa ya nne, mtaa wa Koekelberg. Akiondoka, nabaki dirishani nahesabu kuba la basilika. (Ni moja. Nimehakiki.) Siku nyingine napanda metro, treni ya chini ya ardhi, mpaka stesheni ya Gare du Midi, kwenye soko la Jumapili, na sinunui kitu. Naenda kusukumwa. Kweli kabisa! Pale watu wanakusukuma, wanakukanyaga, wanakwambia samahani, na hayo ndiyo yanakuwa mazungumzo yangu ya siku.

(Hapa msicheke. Ya kucheka yapo mbele.)

Sasa, kuna Jumatatu moja mwezi wa pili ambapo nusu ya darasa letu ilikuja na macho mekundu kama ya fundi wa kuchomelea. Usiku wake Wamarekani walicheza fainali yao kubwa, na kwa saa za huku ile mechi inaanza watu wenye adabu wameshalala. Mimi nilikuwa nimelala. Tena fofofo. Bram, ambaye anakaa mbele yangu na alikuwa hajawahi kugeuka tangu shule ifunguliwe, akageuka.

"Na wewe uliangalia?"

Wanangu, kugeuziwa kiti ni kitu kidogo kwenu. Mimi nilikuwa nimeona kisogo cha Bram kwa miezi mingi kiasi kwamba ningeweza kukichora. Nikasema, "Niliangalia."

"Ukaionaje?"

"Kali."

"Ile ya mwisho je?"

"Hiyo ndiyo kali zaidi."

Akafurahi! Akamwita Youssef wa dirishani, "Njoo, kuna mwenzetu huku!" Youssef akaja na kiti chake. Wawili hao wanachezea timu ya vijana ya mpira wa Kimarekani hapahapa mjini. Wakaniuliza kama najua kucheza. Nikawatazama. Viti viwili vimenigeukia, mapumziko ndiyo kwanza yanaanza. Ningesema "hapana", viti vingerudi vilikotoka.

Nikasema, "Nilikuwa nacheza nyumbani."

Ikabaki hivyo, utani wa darasani tu. Mpaka baada ya Pasaka waliponipeleka mazoezini kwao.

Kocha wao anaitwa Didier. Ni mtu mnene mwenye moyo laini, na ana dini yake: anaamini siku moja ile ligi ya Marekani itakuja kucheza Brussels. Chumba cha kubadilishia nguo amebandika ramani ya dunia. Pini nyekundu ni mahali ambapo Wamarekani wameshavuka mpaka kwenda kucheza mechi zao. London ipo, kila mwaka wanakwenda. Mexico ipo. Brussels ina pini ya bluu, kwa sababu ya imani.

"Bram anasema umecheza Afrika," akaniambia. Macho yanameta. "Wapi?"

"Morogoro."

"Kuna timu?"

Hapo ndipo ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mnaujua mdomo wangu, ukishashika kasi hauna breki.

"Ipo. Viboko wa Morogoro."

"Viboko!" Akashika kifua. "Na ligi yenyewe? Wamarekani wanajua?"

"Walishakuja kupima uwanja."

Jamani. Yule mzungu nusura alie. Akawageukia wachezaji wote. "Niliwaambia! Si niliwaambia? London jana, leo Afrika, na sisi tumelala!" Akanipa pini nyekundu nimwonyeshe Morogoro kwenye ramani. Nikaichoma. (Ilitua karibu na Dodoma. Jiografia yangu mnaijua.) Kesho yake picha yangu ikawa kwenye ukurasa wao wa mtandaoni: mchezaji mpya, uzoefu wa kimataifa.

Kuanzia siku hiyo jina langu likafa. Nikawa "Morogoro". "Morogoro, pasi!" "Morogoro, leta maji!" Na mimi nikaitika kwa raha zote, maana kabla ya hapo walikuwa hawaniiti kitu.

Tatizo la kujifanya unajua ni kwamba hakuna atakayekufundisha. Siku ya kwanza nilivaa pedi za magoti nje ndani. Bram akashangaa. Nikamwambia, "Kwetu tunavaa hivi, goti linapumua." Wiki iliyofuata Bram naye kazivaa hivyo. Siku nyingine mpira uliviringika mbele yangu, nikaupiga teke kama wa kawaida, ukavuka uzio ukaingia kwenye bustani ya watu. Kocha akatikisa kichwa kwa heshima. "Mtindo wa Kiafrika," akasema. "Wenyewe wanatumia na mguu." Kila kosa langu likawa utamaduni!

Simuni nilikuwa natazama vipande vya mechi, lakini vile vipande mnavijua: mtu anadaka, mtu anagongwa, muziki, basi. Mechi zenyewe za timu sikuwahi kwenda, kwa sababu zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi naangalia watoto wa jirani yetu, Maman Béa. Huyu ni mama wa Lubumbashi, anasuka nywele kule Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, kwenye Chaussée de Wavre, na Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Isitoshe kibali changu cha kucheza kilikuwa hakijatoka. Kikatoka wiki hii. Wiki ya fainali. Fainali ya vijana. Siku ya Jumapili.

Hapo hata mimi nilijua kuna kitu kinanukia, lakini nilijipa moyo: mimi ni wa benchi. Nitakaa, nitashangilia, nitanyanyua kombe nikiwa pembeni.

Leo asubuhi nikamkuta mama jikoni, ameinamia karai la mafuta, anachoma maandazi.

"Mama, si una zamu?"

"Nimebadilishana."

"Ya nini?"

"Mwanangu ana fainali." Akageuza andazi. "Maman Béa naye anakuja."

"Mama, si lazima."

"Nani kasema lazima? Ninakuja."

Mama hajawahi kuniona nikicheza kitu chochote huku. Na mimi sijawahi kumwona akibadilisha zamu, hata siku aliyokuwa na homa. Nikabeba begi langu nikatangulia.

Uwanja ulikuwa umependezeshwa. Bendera ndogondogo, spika mbili kubwa, mtu anauza soseji. Nikakaa benchi na helmeti mapajani. Jukwaa liko nyuma kabisa ya benchi letu, na mama zetu hawakufundishwa kunong'ona, kwa hiyo nikasikia kila kitu walipowasili.

"Eee! Bale batoto banavaa sawa frigo!" Huyo ni Maman Béa; frigo kwao ni friji. "Ya kwako ni gani?"

"Yule aliyekaa," mama akajibu.

"Bote banakimbia, yeye anaikala?"

"Anapumzika."

"Anapumuzika ya nini? Hajafanya kintu!"

Youssef, aliyetoka kupasha misuli aje kunywa maji, akacheka pembeni yangu bila kuelewa neno, kwa sauti tu. "Ni mama yako?"

"Ni kocha msaidizi," nikamwambia.

Mechi ikaanza. Sitawadanganya (nimeshaacha, kama mtakavyoona), sikuelewa nusu yake. Wanakimbia kidogo, wanaangukiana, wanasimama, wanajadiliana kama kamati ya harusi, halafu wanaangukiana tena. Nyuma yangu Maman Béa akawa anauliza, "Alors, juu ya nini banalala-lala chini? Banachoka?" na mama anamweleza kwa uhakika wote vitu ambavyo hajui. Wapinzani wakapata, na sisi tukapata. Ikafika dakika za mwisho, tuko nyuma kwa pointi chache, mpira ni wetu, na tukiuingiza kule mwisho tu kombe ni letu.

Na hapo ndipo Youssef akatua vibaya, akashika kifundo cha mguu.

Kocha akageukia benchi. Macho yake yakapita kwa mmoja, yakapita kwa wa pili, yakafika kwangu, yakakaa.

"Morogoro! Ingia!"

"Mimi?"

"Kuna Morogoro mwingine?"

Nikavaa helmeti. Akanishika mabega ya plastiki. "Sikiliza. Kimbia moja kwa moja kando ya mstari mpaka mwisho. Wewe ni chambo tu, wakufuate wewe, wamsahau mwingine. Sawa? Kama mlivyokuwa mnafanya na Viboko."

"Kama kwetu," nikasema. (Mungu anisamehe.)

Nikaingia. Nyuma yangu vigelegele vya mtu mmoja. Mnajua vya nani.

Wenzangu wakanikumbatia kwenye ule mduara wao, vichwa vimegusana, jasho linatutiririka wote. Bram, ambaye ndiye mrushaji, akasema, "Morogoro yupo. Twende." Wote wakapiga kelele. Wanangu, nitasema ukweli. Nusu dakika ile ndani ya mduara ilikuwa nzuri kuliko vitu vyote tangu nitue nchi hii. Nilitaka wabaki wanapanga tu, wasianze kucheza.

Wakaanza.

Nikakimbia. Mbio ninazo, hilo hamwezi kunikatalia. Nikashuka na mstari, upepo unalia kwenye helmeti, nikatazama kushoto, hakuna mtu. Kulia, hakuna mtu. Chambo hakikuliwa! Wapinzani walishanitazama nilivyosimama pale mwanzo wakaamua sina madhara. Mbele yangu nyasi tupu mpaka mwisho.

Kando yangu alikuwa anakimbia refa mmoja wa pembeni. Mzee. Mvi tupu, miguu myembamba, anahema kama anapanda Uluguru. Na wakati tunakimbia hivyo, mimi na mzee wa watu, nikaona kwa jicho la pembeni kitambaa chake cha njano kinamtoka kiunoni kinaruka kinaanguka kwenye nyasi. Yeye hata hakugeuka.

Sasa niambieni ukweli. Umelelewa Kihonda. Mzee wa rika la babu yako ameangusha leso mbele ya macho yako. Wewe unafanya nini? Unaipita? Unairuka? Upite, halafu kesho mtaa mzima umsute mama yako?

Mimi sikuamua kitu. Mwili uliamua. Miguu ikafunga breki, mgongo ukainama, mkono ukashuka.

Na nikiwa nimeinama hivyohivyo, makalio juu, nimeshika kitambaa, kitu kikanipiga mgongoni. PAA!

Ulikuwa mpira.

Bram alikuwa ameniona. Uwanja mzima hakuna aliyekuwa huru kama mimi, kwa hiyo akatupilia mbali mpango wa kocha akaurusha kwangu, pasi ya ndoto, yai linazunguka hewani, inashuka polepole kwenye mikono ya mtu ambaye alikuwa anaokota leso. Ukadunda mgongoni kwangu, ukaruka juu, mpinzani mmoja akaudaka bila hata kuruka. Akageuka. Akakimbia nao kuelekea kwetu.

Na dunia yote ikamfuata! Wenzangu, wenzake, marefa, yule mzee, hata macho ya jukwaa. Wote wakahamia ule upande mwingine. Nilipoinuka nilikuwa peke yangu kwenye nusu uwanja, mimi na nyasi na kitambaa cha njano. Kwa mbali wapinzani wanarukiana. Nimeshazoea kubaki peke yangu, lakini siyo mbele ya umati.

Ningekuwa na akili ningekitupa nikaondoka. Lakini unarudishaje kitu cha mzee chini?

Yule mzee akawa anarudi huku, anatembea, anatazama chini kushoto na kulia. Anatafuta. Maskini, nikawaza, ameshagundua. Refa mkuu naye akaja, yule mwenye kofia nyeupe, kaning'iniza kipaza sauti kidogo kifuani cha kutangazia maamuzi. Akakiwasha. Nikasikia spika zikikoroma. Sikuunganisha hizo habari mbili.

Nikavua helmeti (adabu). Nikamwendea mzee. Nikakunja goti kidogo. Nikampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo," nikasema, nikakumbuka hajui, nikahamia Kifaransa. "Samahani, monsieur, umeangusha leso yako."

Na uwanja mzima, kupitia spika mbili kubwa, ukasikia: UMEANGUSHA LESO YAKO.

Hata muuza soseji akaacha kugeuza soseji.

Mzee akakitazama kitambaa. Akanitazama. "Nimekitupa," akasema.

"Hapana, kimeanguka, nimekiona," nikamhakikishia. Spika nazo zikamhakikishia.

"Kijana," refa mkuu akaingilia, sauti yake imejaa anga, "hicho kitambaa hutupwa kuonyesha mahali kosa lilipofanyika. Umekitoa wapi?"

Nikatazama nyasi. Nyasi zote zinafanana! Nikaonyesha mahali. Kocha wa wapinzani akapiga yowe. Nikaonyesha mahali pengine. Sasa kocha wetu akapiga yowe. Hapo ndipo kicheko kilipoanzia, kwenye kona moja ya jukwaa, kikatembea, kikakua, kikawa cha watu wote, wetu na wao, nikaona mtu anamshikilia mwenzake asianguke. Mchezaji wa upande wa pili alikuwa amekaa chini, anapiga nyasi ngumi.

Na juu ya kicheko chote hicho, sauti moja ikapanda. Vigelegele. Virefu, vya harusini, pumzi moja mpaka mwisho. Mama yangu alikuwa amesimama juu ya kiti, kitenge chake kinang'aa, anapiga makofi. Alidhani wananishangilia. Maman Béa pembeni anawaambia Wabelgiji kwa Kifaransa kwamba huyo mutoto ni ya jirani yake.

Nikavaa helmeti tena. Jua halikuwepo. Nilitaka mahali pa kujificha tu.

Basi, kumbe lile kosa lilikuwa la wapinzani. Mmoja wao alimvuta jezi mchezaji wetu, ndiyo maana mzee akatupa. Kwa hiyo yote yakafutwa, hata kule kukimbia kwao, tukapewa nafasi nyingine. (Naomba ieleweke: sikuwaponza peke yangu.) Kocha akanitoa bila kunitazama. Youssef akarudi anachechemea. Bram akarusha, mpira ukapita juu ya vidole vya Youssef, ukatoka nje. Filimbi. Kombe limekwenda kwa wenyewe.

Tukarudi chumba cha kubadilishia nguo. Bram akatupa glavu zake sakafuni, akaja mpaka mbele yangu.

"Ulikuwa peke yako," akasema. "Peke yako kabisa! Sijawahi kuona mtu amekaa peke yake namna ile!"

Nikataka kumwambia aje Koekelberg Jumapili.

Kocha akaingia, akafunga mlango, akavuta benchi, akakaa mbele yangu. Akaongea polepole.

"Morogoro. Kule kwenu marefa hawatupi vitambaa?"

Wote wakageuka. Viti kumi na kitu sasa. Na mnajua nini? Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, zuri, limekaa vizuri: "Kwetu wanatumia filimbi tu, kocha, vitambaa vinapotea kwenye majani marefu." Angelikubali! Nilimwona usoni, alikuwa analisubiri, alikuwa ananiombea nilipate. Ningelisema, ningebaki Morogoro, mchezaji wa kimataifa, na Jumatano ijayo ningeanza kutafuta uongo mwingine.

Nikachoka ghafla.

"Kocha, kule hakuna timu."

"Imevunjika?"

"Haijawahi kuwepo."

"Na Viboko?"

"Viboko wapo. Wako mtoni."

"Wale Wamarekani waliokuja kupima uwanja?"

"Niliwatunga."

Akatazama ramani yake ukutani kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Kwa hiyo Afrika bado," akasema.

"Kwetu bado, kocha."

"Hata mpira mmoja?"

"Hata picha ya mpira."

Bram akanyoosha kidole, taratibu, sauti imekauka. "Na zile pedi za magoti?"

"Nilikosea kuvaa."

Akayatazama magoti yake. Amecheza fainali nzima pedi zikiwa nje ndani, goti linapumua. Youssef ndiye aliyeanza kucheka, mguu umewekwa barafu, anacheka mpaka barafu inaanguka. Wakafuata wengine. Bram alikuwa wa mwisho, na alicheka kama mtu anayelipishwa, lakini alicheka.

Kocha hakucheka. Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Sikuwa na mtu wa kukaa naye," nikasema. Ikatoka hivyo, kavu, hata utani haikuwa nao. Nikajichukia.

Akakuna kidevu. "Jumatano uje saa moja kabla ya wenzako. Utafanya mazoezi na wadogo, uanze mwanzo kabisa. Kuvaa. Kushika. Kitambaa ni nini." Akafungua mlango. "Na ile picha yako ya mtandaoni nitaifuta mimi."

Wale wadogo, wanangu, wana miaka minane. Mmoja huja na mdoli.

Nje nikamkuta mama ananisubiri na ndoo ya maandazi, anamgawia kila anayepita. Youssef akachechemea mpaka pale, akachukua mawili, akang'ata moja, akanitazama.

"Haya kweli yanatoka kwenu, au nayo umeyatunga?"

"Hayo ni ya kweli."

Akaongeza la tatu. "Jumatano basi," akasema, akaenda zake.

Wengine walikwenda pamoja kula viazi vya kukaanga. Sikuitwa, na sikutegemea. Tukapanda metro sisi watatu. Maman Béa alishuka njiani kumwona dada yake, "Mutoto, usilie, bupira ni bupira." Nikabaki na mama. Hapo ndipo nikamweleza yote: Bram, kocha, Viboko, pini, watoto wa miaka minane. Nikamweleza na kitambaa, kwamba hakikuanguka, kilitupwa, kwamba watu hawakuwa wanashangilia, mama, walikuwa wananicheka, na wewe umesimama juu ya kiti.

Mama ameshika ndoo tupu mapajani, anatazama giza la dirishani. Nikaanza kuogopa. Halafu akanigeukia, na nawaandikia alivyosema, neno kwa neno:

"Huo uongo wako tutaumaliza nyumbani. Lakini yule mzee akiangusha tena, okota."